Dandelioni kwa anayeanza: kuitambua, kuichuma, kuipika na kuinywa bila kujidhuru

Theluji ikishayeyuka na viwanja vya nyasi vya Ulaya na Amerika Kaskazini vikaanza kujaa maua ya manjano ya dandelioni, maswali hurudi yale yale. Hii ndiyo ile dawa ya kusafisha ini? Nimechuma nje ya ghorofa letu, naweza kuipika leo? Mama ana sukari, nimpelekee unga wa mizizi? Wanaouliza ni watu wetu waliohamia Minneapolis, Toronto, Leicester au Oslo, na wengine wako Dar es Salaam na Mombasa, wameona vidonge vyake vikiuzwa mtandaoni. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia uwanjani hadi kikombeni.

Msimamo wangu nautanguliza. Dandelioni ni mboga nzuri sana, na ni chai inayosaidia shida ndogondogo za tumbo na mkojo. Si tiba ya saratani, si badala ya insulini, wala haioshi ini. Ukiitumia kwa kiwango chake itakufaa miaka mingi.

Aliyekulia Pwani ana bahati hapa, kwa sababu anaujua mchunga. Dandelioni na mchunga ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na saladi na chikori: majani machungu, utomvu mweupe kama maziwa, maua ya manjano, mbegu zinazopeperushwa na upepo. Tofauti kubwa ni kwamba mchunga huinuka na kutoa shina lenye majani, ilhali dandelioni majani yake yote yako chini, yamelala duara juu ya udongo. Namna bibi zetu walivyoushughulikia uchungu wa mchunga ndiyo hiyo hiyo tutakayoitumia jikoni.

Vitu vya kuandaa

- Kisu kidogo chenye ncha kali, cha kukatia majani.
- Uma wa bustani au jembe dogo la mkono lenye bamba jembamba, la kuchimbia mizizi.
- Glavu, hasa kama ngozi yako huwashwa kwa urahisi. Utomvu hunata na kuacha madoa ya kahawia vidoleni.
- Kikapu au mfuko wa kitambaa. Kwenye mfuko wa plastiki majani hutoka jasho na kulegea kabla hujafika nyumbani.
- Beseni kubwa na brashi ngumu ya kusugulia.
- Mizani ya jikoni inayopima gramu. Usikadirie kwa kijiko, kwa sababu kijiko cha majani makavu na kijiko cha mizizi iliyokatwa havilingani kabisa kwa uzito.
- Chupa za kioo zenye vifuniko, na karatasi za kubandika jina na tarehe.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, hata zile za mara mojamoja.

Hiyo orodha ya dawa ndiyo ya kwanza kutumika.

Hatua ya 1: Hakikisha mwili wako unairuhusu

Usinywe chai wala vidonge vya dandelioni kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia kama uko katika hali yoyote kati ya hizi:

- Una mawe kwenye nyongo, mrija wa nyongo umeziba, au una ugonjwa wa ini. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa: wanaitafuta kwa ajili ya ini, kumbe mwenye ini linaloumwa ndiye anayekatazwa waziwazi. Uchungu wake huchochea nyongo, na penye jiwe au penye kuziba, kuchochea huko kunaweza kuleta maumivu makali.
- Una vidonda vya tumbo vinavyouma kwa sasa.
- Una ugonjwa wa moyo au wa figo, hasa kama umepangiwa kiasi cha maji ya kunywa. Majani yana potasiamu nyingi, kama miligramu 397 kwa gramu 100 za majani mabichi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa.
- Unameza warfarini ya kuzuia damu kuganda. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban mikrogramu 778 za vitamini K, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 90 na 120 kwa siku. Vitamini K hupingana na dawa hiyo. Hatari iko kwenye kubadilisha mlo ghafla, leo sahani mbili na wiki ijayo hakuna.
- Unatumia dawa za kukojosha kama furosemidi, au lithiamu, au dawa za presha zinazopandisha potasiamu, kama spironolaktoni na zile ambazo majina yake huishia na "pril".
- Unatumia insulini au vidonge vya sukari.
- Una mzio wa kamomili, krisanthemamu au mimea mingine ya ukoo huo.
- Ni mjamzito, unanyonyesha, au anayekusudiwa kupewa ni mtoto wa chini ya miaka 12.

Kama mboga ya mlo mmoja mmoja, watu wengi wenye afya huila bila tatizo lolote. Anayetumia warfarini, mwenye figo mbovu na mwenye mzio waulize kwanza hata kwa mboga.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuchuma

Kosa la kwanza la wageni ni kuchuma pale zilipo nyingi na karibu, yaani kwenye nyasi za mbele ya ghorofa. Nyasi hizo mara nyingi hupuliziwa dawa ya kuua magugu, na dandelioni ndiyo hasa inayolengwa na dawa hiyo. Marekani utaona vibendera vidogo vimechomekwa ukingoni mwa nyasi baada ya kupulizia. Vibendera vikiondolewa haimaanishi dawa nayo imeondoka. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipiga marufuku dawa nyingi za kurembesha bustani mwaka 2009, lakini hata huko uliza kwanza.

Tazama mimea yenyewe. Bua la ua lililojisokota, majani yaliyopinda na kukunjamana huku mengine yakigeuka njano, hiyo ni dalili ya kupuliziwa. Ondoka hapo, na usirudi msimu huo.

Kaa mbali pia na:
- ukingo wa barabara yenye magari mengi na kandokando ya reli;
- udongo ulio karibu na nyumba kuukuu zilizopakwa rangi zamani, ambako madini ya risasi huwa yameingia ardhini;
- njia wanazopitishwa mbwa;
- viwanja vya gofu na viwanja vya mpira.

Pazuri ni bustani yako mwenyewe, ploti ya jumuiya ambayo unajua historia yake, au shamba la mtu aliyekuruhusu. Kuhusu ruhusa usifanye mzaha. Uingereza, sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mimea inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi. Kwa hiyo mizizi ya kwenye bustani ya umma huko usiiguse. Kwingineko kila mbuga na kila manispaa ina kanuni zake, zisome ubaoni kabla ya kuinama.

Kama huna mahali salama, nunua. Maduka makubwa ya Marekani huuza mafungu ya majani yenye jina la dandelioni, ila mara nyingi huwa ni chikori ya Kiitalia: majani marefu, yaliyosimama wima, na ubavu mnene wa kati. Kwa kupika inafaa vizuri sana. Kwa chai ya dawa usiihesabu.

Hatua ya 3: Itambue bila shaka yoyote

Chuchumaa, usiitambue ukiwa umesimama. Mmea mmoja upitishe kwenye majaribio haya matano, na ukishindwa hata moja, uache.

1. Majani yote yanatoka sehemu moja ardhini. Hakuna shina lenye majani.
2. Kingo za jani zina meno makubwa, na ncha za meno hayo huelekea nyuma, kwenye mzizi. Pitisha kidole: jani ni laini, halina manyoya au lina machache mno.
3. Kila bua lina ua moja tu. Bua halina tawi, halina jani, halina magamba.
4. Kata bua: ndani ni tupu kama mrija, na utomvu mweupe hujitokeza mara moja kwenye ukingo wa pale ulipokata.
5. Chini ya ua, vijani vidogo vya nje vya kijani vimekunjikia chini.

Sasa zile zinazofanana nayo. Kuna moja yenye majani yenye manyoya mengi na bua gumu lenye matawi. Nyingine huinuka kwa shina refu lenye majani ya miibamiiba laini na maua mengi juu. Hizi mbili ni za ukoo huo huo na hazina sumu, umekosea tu mboga. Wasiwasi uko kwa nyingine.

Kuna mmea wa malishoni huko Ulaya uitwao kitaalamu *Jacobaea vulgaris*, nao katika mwaka wake wa kwanza hulaza majani duara ardhini kama dandelioni. Una sumu inayoharibu ini polepole. Majani yake ni ya kijani kizito, yamekunjamana, vipande vyake vina ncha butu, na ukilikata jani halitoi utomvu mweupe. Mwingine ni *Tussilago farfara*, ambao hutoa maua ya manjano mapema kabla ya majani yoyote, juu ya bua lenye magamba. Nao una sumu za aina hiyo.

Watu hufundishana kwamba kikitoka kitu cheupe basi ndiyo yenyewe. Si kweli. Mimea ya jamii ya mtupa na mnyaa nayo hutoa utomvu mweupe, na vijimea vyake vidogo huota bustanini huko ughaibuni. Utomvu wake huunguza kinywa na macho. Utomvu ni jaribio moja kati ya matano, usiufanye ushahidi wa pekee.

Msimu wako wa kwanza, chuma tu mimea ambayo tayari imetoa ua. Majani yatakuwa machungu zaidi, lakini utakuwa na uhakika. Mwaka unaofuata macho yatakuwa yamezoea, nawe utaichuma ikiwa changa.

Hatua ya 4: Chuma majani

Majani matamu, kama neno hilo linafaa kwa mboga hii, ni yale ya kabla ya ua kuchanua. Sehemu nyingi za baridi hiyo ni Aprili na mwanzo wa Mei, na kusini mwa Uingereza huanza mapema zaidi. Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Chukua yale ya katikati, mororo, yenye kijani cha kung'aa. Yale ya nje yaliyokomaa, yenye madoa au yaliyoliwa na konokono, yaache.

Kisu kipite juu kidogo ya udongo ili mzizi ubaki na kuchipua tena. Mmea uliopata kivuli huwa na majani marefu yenye uchungu mdogo kuliko wa juani, kwa hiyo angalia nyuma ya uzio wa bustani na chini ya miti.

Nyumbani loweka kwenye beseni la maji baridi yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, kisha suuza mara tatu. Mchanga hujificha pale majani yanapokutana.

Na maua? Ng'oa kitako chake cha kijani kwa sababu ni kichungu, chovya maua kwenye uji wa unga wa bajia, kaanga. Watoto huyapenda. Usiyamalize yote uwanjani, nyuki wa mapema wanayategemea.

Hatua ya 5: Pika

Nianze na mapishi kabla ya dawa kwa makusudi. Faida ambazo hazina ubishi zimo kwenye sahani: vitamini A na C, kalsiamu ipatayo miligramu 187 na madini ya chuma yapatayo miligramu 3 katika kila gramu 100 za majani mabichi. Ukiila kama mboga, hayo unayapata bila kuhitaji kuamini dai lolote la dawa.

Kwa watu wanne:

- majani nusu kilo, yaliyooshwa
- kitunguu kimoja, nyanya mbili
- tui zito kikombe kimoja
- chumvi, mafuta kijiko kimoja, ndimu

1. Chemsha maji mengi yenye chumvi. Yakitokota ndipo utie majani, na usifunike sufuria.
2. Baada ya dakika nne au tano, mwaga yale maji. Usijaribu kuyafanya mchuzi.
3. Mwagia majani maji baridi, yakamue kwa mikono mpaka yatoe tonge, kisha yakatekate.
4. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia nyanya, zikirojeka tia majani na chumvi.
5. Mimina tui, punguza moto, koroga koroga ili tui lisikatike. Dakika kumi zinatosha.
6. Ipua, kamulia ndimu. Ndimu hukata uchungu kuliko sukari inavyoweza.

Ambaye hatumii nazi anaweza kuweka siagi ya karanga iliyolegezwa kwa maji moto. Ugali hapa unafaa kuliko wali, kwa maoni yangu, kwa sababu unapoza uchungu. Kama uchungu bado unakushinda, changanya nusu kwa nusu na mchicha au spinachi kwa wiki za kwanza.

Hatua ya 6: Kausha majani na utengeneze chai yake

Tandaza majani yaliyofutwa maji juu ya kitambaa safi, tabaka moja, chumbani penye hewa na pasipo jua kali. Yageuze kila siku. Siku tatu hadi tano hukauka, kutegemea unyevu wa nyumba. Kwenye nyumba yenye unyevu tumia oveni kwa nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kidogo. Jani lililokauka sawasawa huvunjika mkononi na ubavu wa kati nao hukatika. Ukipinda tu bila kukatika, lirudishe. Watu huliangalia jani na kuusahau ubavu, kisha baada ya mwezi chupa nzima inanuka ukungu.

Chai yake haichemshwi:

1. Pima gramu 4 za majani makavu.
2. Mimina maji yaliyotokota, kikombe kimoja cha mililita 150 hadi 200.
3. Funika dakika 10, chuja, kunywa.

Mara ya kwanza kunywa kikombe kimoja tu, asubuhi. Matumizi ya jadi yanafika hadi gramu 10 kwa kikombe mara tatu kwa siku, lakini anayeanza hana sababu ya kuparamia huko. Usinywe jioni, utaamka usiku kwenda msalani. Na kunywa maji ya kawaida kama ulivyozoea, usiifanye chai hii badala ya maji.

Hatua ya 7: Chimba mizizi

Mizizi huchimbwa majira ya kupukutika majani, Oktoba na Novemba, kabla ardhi haijaganda. Wakati huo mmea umejaza akiba yake, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni inulini, aina ya nyuzilishe inayolisha bakteria wema wa tumboni. Mzizi wa kupukutika majani unaweza kuwa na inulini hadi asilimia 40 ya uzito wake mkavu. Wa majira ya machipuko una kidogo sana, na ni mchungu zaidi.

Chimba siku moja au mbili baada ya mvua. Zamisha uma pembeni, mbali kidogo na mmea, inua udongo, kisha vuta polepole ukiwa umeushika mzizi shingoni. Ukivuta jani utabaki na jani. Mzizi ni mmoja, mrefu, wa kahawia nje na mweupe ndani, na ukiukata utaona utomvu unatokeza kwa nukta nukta zikizunguka kiini. Mwembamba kuliko kalamu usihangaike nao.

Sugua kwa brashi chini ya maji, usimenye. Kata vipande vya nusu sentimita, kausha kama majani lakini kwa muda mrefu zaidi, mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Kisha una njia mbili.

*Chai ya mizizi.* Hii huchemshwa. Tia gramu 3 hadi 4 kwenye maji ya kikombe kimoja, chemsha kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 sufuria ikiwa imefunikwa, chuja. Anayeitaka kwa ajili ya hamu ya kula anywe nusu saa kabla ya chakula.

*Kinywaji cha kukaanga.* Tandaza vipande vikavu kwenye trei, weka oveni ya nyuzi 160 za Selsiasi, geuza kila dakika kumi. Baada ya nusu saa hivi jikoni patanukia kama kahawa na chokoleti. Toa vikiwa na rangi ya kahawa ya kati. Ukingoja viwe vyeusi, umeunguza na uchungu wake hautibiki. Saga, pika kama kahawa ya jebena (birika la kahawa), tia tangawizi na hiliki. Haina kafeini, na kwa mtu aliyeambiwa aache kahawa ni faraja kweli.

Hatua ya 8: Anza kidogo na ujiwekee kikomo

Mara ya kwanza ya mmea wowote mpya, kula kidogo, kisha subiri hadi kesho. Angalia midomo, ngozi, tumbo. Ukiwa salama, endelea.

Chai ya majani au ya mizizi kwa ajili ya shida fulani, ipe wiki mbili. Shida ikiwa bado ipo, au ikizidi, acha chai uende hospitali. Ukitaka kuendelea zaidi ya hapo, mwambie daktari unachokunywa na kwa kipimo gani, mwoneshe hata chupa yenyewe. Madaktari wengi hawakasiriki wakiambiwa, hukwama wakifichwa.

Madai unayoyasikia

*Huongeza mkojo.* Kuna msingi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 17 waliokunywa dondoo ya majani kwa siku moja. Walikwenda haja ndogo mara nyingi zaidi baada ya dozi ya kwanza, lakini dozi ya tatu haikubadilisha kitu. Ni ushahidi wa siku moja, kwa watu wazima wenye afya.

*Husaidia tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula.* Wakala wa Dawa wa Ulaya unayatambua matumizi haya, na yale ya mkojo, kama matumizi ya jadi. Maana yake yamezoeleka kwa miongo mingi na yanakubalika kwa shida ndogo. Hayajathibitishwa kwa majaribio makubwa ya wagonjwa.

*Husafisha ini.* Majaribio mengi yanayotajwa yalifanywa kwa panya. Ini lenye afya hujisafisha lenyewe, na linaloumwa linahitaji kipimo cha damu, hasa kwa sisi tunaotoka nchi ambako homa ya ini aina ya B ni ya kawaida. Kama hujawahi kupima, anza na hicho.

*Huua saratani kwa saa 48.* Habari hii ilizungushwa sana kwenye simu. Chimbuko lake ni kazi ya maabara, mojawapo ya Chuo Kikuu cha Windsor, Kanada, ambako dondoo ya mizizi iliua seli za saratani ya damu zilizooteshwa kwenye vyombo. Chombo cha maabara hakina ini, hakina figo, hakina damu inayozunguka; vitu vingi huua seli humo na havimponyi mgonjwa. Nakusihi usimwachishe mtu matibabu kwa sababu ya ujumbe huo.

*Hushusha sukari.* Ushahidi ni wa wanyama na maabara. Anayepunguza insulini kwa ajili ya chai anahatarisha maisha yake.

*Hupunguza unene.* Mizani itashuka kidogo kwa sababu ya maji uliyokojoa. Ukinywa maji itarudi.

Ikikutokea hivi

*Mboga ni chungu hata baada ya kuchemsha.* Majani yalishapitwa na wakati, au maji yalikuwa machache. Chemsha mara mbili kwa maji mapya, na mara nyingine uchume kabla ya maua.

*Tumbo limejaa gesi baada ya chai ya mizizi.* Ni inulini. Punguza kipimo kwa nusu, kisha panda taratibu. Ikiendelea, hamia kwenye majani.

*Kiungulia kimezidi.* Vitu vichungu huongeza asidi kwa baadhi ya watu. Acha kabisa, usijaribu kuvumilia.

*Mikono imetoka vipele.* Ni utomvu. Osha kwa sabuni, vaa glavu. Vipele vikienea, au midomo ikivimba na pumzi ikabana, piga simu ya dharura hapo hapo.

*Nakojoa mara nyingi na nasikia kizunguzungu.* Acha chai, kunywa maji, pima presha. Kama unameza dawa za presha, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

*Nina U.T.I., naweza kujitibu nayo?* Kukojoa zaidi hakuui bakteria. Ukiwa na homa, maumivu ya mgongo, au damu kwenye mkojo, unahitaji kupimwa leo.

*Miguu imevimba, nikinywa itapungua?* Miguu kuvimba inaweza kuwa moyo, figo au damu iliyoganda. Kapime kwanza.

*Macho yamekuwa ya njano, au upande wa kulia chini ya mbavu unauma sana.* Acha kila mtishamba, nenda hospitali.

*Chupa ina harufu ya ukungu au vijidudu.* Tupa yote. Usikaushe upya. Majani yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa gizani hukaa mwaka mmoja, mizizi zaidi kidogo.

*Vidonge vya dukani ni bora?* Si lazima. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, virutubisho vya namna hii haviidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa. Ukinunua, tafuta chenye jina *Taraxacum officinale*, sehemu ya mmea iliyotumika, na alama ya maabara huru iliyokipima.

*Ndugu nyumbani anaomba nimtumie unga wa mizizi kwa ajili ya sukari au ini.* Usitume. Humjui hali ya figo zake wala nyongo yake, na forodha huweza kuukamata mzigo. Kama anataka mboga chungu yenye afya, mchunga unauzwa masokoni Tanga, Zanzibar na Mombasa, na anajua kuupika kuliko mimi, ila asiuchukulie kwamba utamfanyia yote yanayodaiwa kwa dandelioni. Muulize vipimo vyake vya mwisho vilikuwa lini. Ile gharama ya kifurushi mtumie akapime sukari na ini.